Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ukusanyaji na urejelezaji wa taka kwa biashara ndogo za Jiji la Tanga

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye maduka, migahawa, saluni, gereji, karakana na ofisi ndogo za Jiji la Tanga, kuanzia barabara za Ngamiani hadi Chumbageni, Makorora, Duga na Pongwe. Viwango vya ada havikutajwa, kwa kuwa vinawekwa na sheria ndogo za Halmashauri na hubadilika. Kilichoelezwa ni utaratibu, wajibu wa kila upande, na yale ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyauliza kabla hajatoa fedha yake au kumkabidhi mtu taka zake.

Biashara yangu ni ya fremu moja tu. Je, sheria za taka zinanihusu?

Zinakuhusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, na inamwekea kila mtu wajibu wa kuyalinda, bila kujali ukubwa wa mtaji wake. Sheria hiyo imejengwa pia juu ya kanuni kwamba mchafuzi hulipa, maana yake gharama ya kuondoa uchafu ni ya yule aliyeuzalisha, na haipaswi kuangukia jirani yake wala mtaa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo inashughulikia kero za kiafya kama marundo ya taka, maji machafu yaliyotuama na vyakula vilivyoharibika.

Hata hivyo, kinachomgusa mfanyabiashara mdogo kila siku ni sheria ndogo za Halmashauri ya Jiji, kwa kuwa ndizo zinazotamka ada, namna ya kuhifadhi taka na adhabu ya anayekiuka. Mama lishe wa stendi ya Kange na mwenye duka la jumla wanatofautiana katika kiasi cha ada, lakini wajibu wao ni mmoja.

Kuondoa taka ni kazi ya Halmashauri au ni kazi yangu?

Ni kazi ya wote wawili, kila mmoja kwa sehemu yake, na migogoro mingi huzuka pale mmoja anapodhani kwamba mwenzake ndiye anayebeba mzigo wote. Halmashauri ina wajibu wa kisheria wa kuhakikisha kuwa taka ngumu zinakusanywa, zinasafirishwa na kufikishwa kwenye dampo lililoidhinishwa, ambalo kwa Jiji la Tanga ni dampo la kisasa la Mpirani, mojawapo ya yaliyojengwa chini ya mradi wa uboreshaji wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Halmashauri inaweza kuifanya kazi hiyo kwa magari yake yenyewe, au kuikabidhi kwa mkandarasi au kikundi cha kijamii kwa mkataba. Wewe kwa upande wako unatakiwa kuwa na chombo kinachofaa, kutenganisha taka zako, kuzikabidhi kwa mtu aliyeruhusiwa, na kulipa ada.

Kati ya hayo manne, la kuzikabidhi kwa mtu aliyeruhusiwa ndilo linalosahaulika zaidi na ndilo lenye madhara makubwa. Taka iliyotoka dukani kwako ikikutwa mtaroni, maboksi yenye jina la duka lako yatakuwa ushahidi wa kutosha kumfikisha afisa afya mlangoni pako.

Nianzie ofisi gani?

Anzia ofisi ya mtendaji wa mtaa au ya mtendaji wa kata ilipo biashara yako, kisha umwone afisa afya wa kata. Katika mazungumzo hayo uliza mambo manne: ni nani aliyepewa mkataba wa kukusanya taka katika mtaa huo, siku na saa za gari kupita, kundi la ada ambalo biashara yako imewekwa, na mahali palipotengwa kwa ajili ya taka ambazo gari la kawaida halichukui. Majibu yaandike, na ukipata nafasi omba kuiona sheria ndogo yenyewe. Sheria ndogo ni waraka wa umma, kwa hiyo kuomba kuisoma si kumsumbua mtumishi.

Ada ya taka hulipwaje, na nitajuaje kwamba ninayemlipa ni halali?

Malipo ya Serikali, yakiwemo ya Halmashauri, hufanywa kwa namba ya malipo ambayo wengi huiita kontro namba, kwa njia ya benki au simu, au kwa mashine ya kukusanyia mapato inayotoa risiti papo hapo. Pale ambapo mkandarasi au kikundi kimeruhusiwa kukusanya ada, uliza ameruhusiwa kwa barua ipi, na risiti yake iwe na jina la kikundi, tarehe, kiasi na mwezi unaolipiwa. Mtu asiyeweza kukuonyesha kitambulisho wala kukupa risiti usimlipe, hata kama ndiye aliyekuwa akizoa taka zako tangu zamani.

Ada ya taka haimo ndani ya leseni ya biashara wala ndani ya ushuru wa huduma. Ni malipo matatu yanayojitegemea, na kulipa moja hakukusamehe mengine.

Nimepanga fremu. Je, taka si jukumu la mwenye nyumba?

Mbele ya afisa afya, mwenye jukumu ni yule anayezalisha taka na kuendesha biashara mahali hapo. Kama mmekubaliana kwamba mwenye nyumba atalipa ada kutokana na kodi yako, makubaliano hayo yaingizwe kwenye mkataba wa pango na upewe nakala ya kila risiti.

Ninaweza kumlipa kijana mwenye mkokoteni au guta anichukulie taka?

Swali hili linahitaji jibu refu, kwa sababu vijana hawa wanafanya kazi ambayo mji unaihitaji sana, na wengi wao ni waaminifu. Magari makubwa hayaingii katika kila uchochoro, wala hayaji kila siku, na pengo hilo hujazwa na guta, toroli na mikokoteni. Hakuna ubaya wowote katika kumtumia mtu wa namna hiyo iwapo amesajiliwa na mtaa, yuko chini ya kikundi au mkandarasi anayetambuliwa na Halmashauri, na anajulikana anakozipeleka taka, iwe ni kwenye kizimba cha kukusanyia taka, kwenye kontena au kwa mnunuzi wa malighafi.

Ubaya unaanza pale ambapo anachokiuza ni kuziondoa taka zako machoni pako tu. Bei yake huwa nafuu kwa sababu halipi chochote mwisho wa safari. Mzigo huishia kwenye korongo, kiwanja kisichojengwa, mikokoni au mtaro, na mvua za masika za mwezi Machi hadi Mei zinapokuja, kila kilichotupwa mtaroni hutafuta njia ya kuelekea baharini. Pwani yetu si pwani ya kuchezewa: tangu mwaka 2009 sehemu ya bahari kati ya Pangani na Tanga ni hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale ambaye dunia nzima iliamini kuwa ametoweka hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wanaouza samaki wao kwenye soko la Deep Sea wanaitegemea pwani hiyohiyo, na plastiki inayonasa kwenye nyavu zao imetoka madukani na majumbani mwetu.

Kwa hiyo, kabla hujakubaliana naye, muulize anapeleka wapi taka, kisha fuatana naye siku moja ukahakikishe kwa macho yako. Mwulize mwenyekiti wa mtaa kama anamfahamu. Ikiwa hajasajiliwa lakini anaonekana kuwa mtu wa kazi, msaidie aende kwa mtendaji ili aunganishwe na kikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi cha usafi ni miongoni mwa vinavyoweza kuomba.

Mkataba wa maandishi na mzoa taka una umuhimu gani kwa biashara ndogo?

Kwa duka linalotoa kiroba kimoja kwa wiki, huduma ya mtaa na risiti zake zinatosha. Kwa mgahawa, nyumba ya wageni, karakana au duka la jumla ambalo linahitaji kuzolewa mara kwa mara na mkandarasi binafsi, karatasi moja iliyosainiwa na pande mbili itaokoa ugomvi. Itaje siku za kuzoa, aina ya taka zinazochukuliwa na zisizochukuliwa, mwenye kutoa vyombo, mahali taka zitakapofikishwa, bei, na notisi ya kuvunja mkataba. Ambatisha nakala ya kibali cha mkandarasi na uangalie tarehe ya mwisho ya kibali hicho, kwa sababu vibali huisha muda na si kila mtu anakumbuka kuvihuisha.

Nitenganishe taka zangu vipi bila kuongeza kazi?

Anza kwa vyombo viwili tu, kimoja cha vitu vibichi na kingine cha vitu vikavu. Chupa ya plastiki iliyolala na mabaki ya wali na mchuzi haina mnunuzi, na boksi lililolowa maji ya samaki haliendi popote isipokuwa dampo, ilhali vitu hivyohivyo vikiwekwa kando tangu mwanzo vina bei. Hatua hii moja hupunguza harufu, inzi, panya na uzito wa kile unacholipia kizolewe.

Chombo cha vitu vibichi kiwe na mfuniko na kisafishwe kila siku, kwa kuwa joto la Tanga haliruhusu mabaki ya chakula kulala siku mbili. Chombo cha vikavu kinaweza kuwa salfeti safi iliyotundikwa ukutani. Baada ya mwezi mmoja, wafanyakazi wakishazoea, ongeza salfeti ya pili ili maboksi yasichanganyike na plastiki. Taka hatarishi, zitakazoelezwa hapa chini, ziwe na sehemu yake yenye kufungwa kwa ufunguo tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine ambalo wamiliki hulisahau ni kumweleza mfanyakazi sababu. Kijana wa dukani aliyeambiwa tu "weka huku, weka kule" ataacha mara tu mwenye duka akisafiri. Aliyeelezwa kwamba fedha ya chupa ni chai yao ya mwisho wa mwezi hatahitaji kusimamiwa.

Ni vitu gani vinavyopata mnunuzi?

Chuma chakavu na aluminiamu ndivyo vyenye thamani kubwa zaidi kwa kilo, na havikosi mnunuzi. Vinafuatiwa na plastiki. Chupa za maji na soda, ambazo kwa kawaida zina namba 1 ndani ya pembetatu chini ya kitako, hupokelewa na wakusanyaji wengi. Zile zisizo na rangi zina soko zuri kuliko za rangi. Toa kimiminika chote, ikanyage chupa iwe bapa, na urudishe kizibo au ukiweke kando kulingana na matakwa ya mnunuzi, kwa kuwa vizibo ni plastiki ya aina nyingine. Madumu na chupa za sabuni, zenye namba 2, na ndoo, beseni na viti, ambavyo mara nyingi vina namba 5, huuzwa kama plastiki ngumu. Plastiki yenye namba 3, ambayo ndiyo ya mabomba mengi, isiingizwe kwenye chupa za maji, maana kiasi kidogo tu huharibu kundi zima linapoyeyushwa.

Maboksi yana soko yakiwa makavu, yamekunjuliwa na kufungwa kwa kamba. Chupa za soda na bia za kioo zinarudishwa kwa kreti, na utaratibu huo wa zamani bado ni bora kuliko urejelezaji wowote, kwa sababu chupa hujazwa tena bila kuyeyushwa. Vioo vingine ni vizito na vina bei ndogo. Kuvisafirisha hadi Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 350, hakulipi isipokuwa mzigo uwe mkubwa. Wafanyabiashara wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana kuviweka pamoja hadi vijaze gari.

Risiti za mashine za EFD huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali juu yake, kwa hiyo zisichanganywe na karatasi za kuuza. Kwa sababu hiyohiyo maandishi yake hufifia. Risiti unayotaka kuitunza ipige picha au itolee nakala mapema.

Je, mnunuzi wa chuma chakavu anahitaji kibali?

Anahitaji. Biashara ya kukusanya, kuhifadhi, kusafirisha na kuuza chuma chakavu inasimamiwa na kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021, na maombi ya kibali hupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Muuzie mwenye kibali na uandike tarehe, kilo na jina lake. Tahadhari hii inakulinda pia dhidi ya tuhuma za mali ya wizi, kwa kuwa nyaya za shaba, mifuniko ya mashimo ya maji taka na vyuma vya miundombinu hupitia soko hilihili.

Mgahawa wangu unatoa mabaki mengi ya chakula, maganda na matumbo ya samaki. Nifanye nini?

Sehemu kubwa ya taka za mgahawa, genge na kibanda cha juisi ni taka zinazooza, na kuzipeleka dampo ni hasara ya wazi. Maganda ya ndizi na viazi hupendwa na wafugaji wa mbuzi na ng'ombe, na Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, hivyo hutakosa mfugaji wa karibu. Mpe yakiwa mabichi ya siku hiyo, bila nailoni wala vijiti vya mishikaki. Mabaki yaliyochanganyika na nyama yasipewe nguruwe kabla ya kuchemshwa vizuri, kwa sababu ni njia mojawapo ya kueneza homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na tiba.

Maganda ya machungwa, ambayo msimu wa Muheza ukifika hujaa kila kona, yanaoza polepole yakiwa peke yake kwenye lundo. Yakikatwakatwa na kuchanganywa na majani makavu, pumba za mbao na samadi, hugeuka mboji nzuri. Kanuni ya mboji si ngumu: sehemu moja ya vitu vibichi kwa sehemu mbili au tatu za vikavu, unyevu wa kiasi kwamba ukikamua konzi ya mchanganyiko yatoke matone machache tu, na kuugeuza kila wiki ili hewa iingie. Lundo lililokaa sawa hupata joto linalopita nyuzi 55 za sentigredi, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Likinuka, ni dalili kwamba limekosa hewa au limezidi maji. Ongeza vikavu na uligeuze.

Matumbo na magamba ya samaki yanaweza kuwekwa katikati ya lundo la mboji yakiwa yamefunikwa vizuri, lakini kwa muuzaji wa kila siku kiasi chake huwa kikubwa kuliko lundo linavyoweza kumeza. Kwa huyo, njia inayofaa ni kuyakabidhi jioni ileile kwa mzoa taka, au kwa mfugaji wa funza wa nzi askari mweusi, ambao hula taka za namna hiyo na baadaye kuwa chakula cha kuku na samaki. Kuyatupa ufukweni kwa madai kwamba yametoka baharini kunavutia kunguru na inzi, na ni kosa kama utupaji mwingine wowote.

Vifuu vya nazi ni mkaa mzuri. Makumbi na mafuvu ya madafu huchukua muda mrefu sana kuoza, hivyo yakaushwe na kutumiwa kama kuni au matandazo shambani. Yakiachwa wazi hukusanya maji ya mvua, na humo ndimo mbu wanaoeneza homa ya dengi hutagia mayai.

Mafuta ya kukaangia yaliyochoka nayo?

Yasimwagwe kwenye sinki wala mtaroni, kwani hugandana ndani ya mabomba na kuyaziba. Yapoze, yachuje, yahifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, kisha uyauze kwa watengenezaji wa sabuni. Asiyekuwa na mnunuzi na ana kiasi kidogo ayachanganye na pumba za mbao na kuyaweka pamoja na taka za kawaida.

Nina gereji. Oili chafu na betri ni taka za kawaida?

Hapana, ni taka hatarishi, na kanuni zake ni kali kwa sababu ya msingi: oili iliyotumika imebeba metali nzito kutoka kwenye injini, na betri ya gari ina madini ya risasi pamoja na tindikali. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na mtoto anayecheza mbele ya gereji huipata kwenye vumbi analogusa na kulipeleka mdomoni. Usimwage oili chini ili kutuliza vumbi, usiipake kwenye mbao za nyumba ya kuishi, na usivunje betri ili upate risasi iliyomo ndani.

Weka oili kwenye pipa lisilovuja, lililofunikwa, juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo unaozuia isisambae, mbali na mtaro. Betri zisimamishwe wima, chini ya paa. Zote zikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi, na umtake akupe hati inayoonyesha kiasi alichochukua na anakokipeleka. Vitambaa vilivyolowa oili na vichujio vyake vinaingia katika kundi hilohilo. Kwa gereji ndogo zinazopakana, ni busara kuwa na pipa moja la pamoja na kumwita mkusanyaji likijaa, maana hakuna atakayetoka mbali kwa lita kumi.

Na taka za saluni, duka la dawa na maabara?

Nyembe za kinyozi na sindano ziwekwe kwenye kisanduku kigumu kisichotobolewa, kifungwe kinapojaa robo tatu, na kisifunguliwe tena. Zahanati na maabara zinapaswa kufuata mpangilio wa rangi wa Wizara ya Afya, ambamo taka zenye maambukizi hazichanganywi na za kawaida, na kuziteketeza kwenye tanuri la kituo chake au la hospitali iliyokubali kwa maandishi.

Dawa zilizoisha muda haziuzwi, hazigawiwi wala hazitupwi. Zitenge, ziandike orodha, kisha uiombe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, isimamie uteketezaji na kukupa cheti. Vyakula na vipodozi vilivyoharibika au kupigwa marufuku viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, kwa utaratibu unaofanana na huo.

Kompyuta mbovu, simu na taa ndefu za umeme ziende wapi?

Taka za kielektroniki zina kanuni zake za mwaka 2021 na hazitakiwi kuchanganywa na taka nyingine. Mpe mkusanyaji mwenye kibali, au fundi anayezitumia kwa vipuri, mradi mabaki yake asiyatupe wala kuyachoma ili apate shaba. Taa ndefu za umeme zisizo za LED zina zebaki. Zihifadhi zikiwa nzima ndani ya maboksi yake. Kumbukumbu za wateja zifutwe kabisa kabla kompyuta haijatoka ofisini.

Ninauza karatasi za ofisi kwa wafunga maandazi. Kuna tatizo?

Lipo. Karatasi zenye majina, namba za simu, namba za vitambulisho au hesabu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zichanwe vipande vidogo visivyosomeka kabla ya kwenda kwenye urejelezaji. Aidha, wino na vumbi la karatasi zilizotumika si vitu vya kugusana na chakula.

Marufuku ya mifuko ya plastiki inanibana kwa kiasi gani?

Tangu tarehe 1 Juni 2019 ni marufuku kuzalisha, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara. Anayeuza anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 100,000 na 500,000, na anayekutwa akiitumia kati ya shilingi 30,000 na 200,000. Kifungo kipo kwa wote wawili, na adhabu ya mzalishaji au mwingizaji inafika hadi shilingi bilioni moja. Vifungashio vya plastiki vya kiwandani, vya dawa na vya kilimo viliruhusiwa, lakini kinachoruhusiwa kufungia bidhaa hakigeuki kuwa halali kwa kumbebea mteja nyanya. Nailoni laini zisizo na nembo, zinazopenyezwa sokoni kama vifungashio, ndizo zinazowaingiza wengi matatani. Mifuko mbadala unayonunua iwe na alama ya TBS na jina la mtengenezaji.

Ninaweza kuchoma au kufukia taka nyuma ya duka?

Usichome. Plastiki inayochomwa kwa moto wa kawaida hutoa moshi wenye sumu, zikiwemo dioksini, na moshi unaoingia kwa jirani ni kero inayoshtakiwa. Kufukia ndani ya mji nako huchafua maji ya visima, ambavyo mitaa mingi bado inavitumia.

Nitunze kumbukumbu gani, na mkaguzi akija nimwonyeshe nini?

Daftari moja linatosha. Andika tarehe, aina ya taka, kiasi hata kama ni cha kukadiria kwa viroba, na jina la aliyechukua. Ndani ya jalada hilohilo weka risiti za ada, mkataba, nakala za vibali vya wakusanyaji, hati za taka hatarishi na vyeti vya uteketezaji. Mkaguzi anapofika, mwombe kitambulisho kwa heshima, mpeleke kwenye vyombo vyako, kisha mpe daftari. Akikuta kosa, uliza ni kifungu kipi cha sheria ndogo kilichovunjwa na omba maelekezo kwa maandishi pamoja na muda wa kurekebisha. Faini yoyote ilipwe kwa namba ya malipo, kamwe si mkononi.

Nimelipa lakini gari halipiti. Nifanyeje?

Andika siku ambazo halikupita, piga picha zenye tarehe, na upeleke malalamiko ya maandishi kwa mtendaji wa mtaa, ukiacha nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Yasiposikilizwa, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa idara ya Halmashauri inayoshughulikia usafi na mazingira. Malalamiko ya wafanyabiashara kumi waliosaini barua moja husikilizwa upesi kuliko ya mmoja aliyepaza sauti barabarani. Katika kipindi chote hicho taka zibaki ndani ya chombo chako zikiwa zimefunikwa. Kushindwa kwa mkandarasi hakukupi ruhusa ya kuzitoa nje.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unahusu biashara?

Unahusu. Siku hiyo hutengwa kitaifa kwa usafi wa mazingira, na katika maeneo mengi maduka hutakiwa kufunguliwa baada ya usafi, aghalabu saa nne asubuhi. Thibitisha saa hiyo kwa mtendaji wako, na taka utakazofagia mbele ya biashara zikusanywe kwenye viroba siku hiyohiyo. Ukizisukumia mtaroni, mvua ya kwanza itazirudisha mlangoni kwa jirani aliye upande wa bonde.